Taka zenye mionzi: tusiwaachie wajukuu deni

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la nchi za mbali, yaani taka za nyuklia. Tukisikia maneno hayo tunafikiri juu ya mabomu na mitambo mikubwa ya umeme ya Ulaya na Marekani. Tunajiuliza: "Sisi wa Shinyanga na Geita yanatuhusu nini? Shida zetu ni malaria, maji na zebaki." Lakini taka zenye mionzi hupatikana hata katika nchi isiyo na mtambo wowote wa umeme wa nyuklia, na nchi yetu ni mojawapo. Hutoka hospitalini, viwandani, katika ujenzi wa barabara na katika migodi mikubwa. Tena hapa kwetu kuna biashara inayoweza kuzileta mpaka uani bila mtu kujua. Biashara hiyo ni ya vyuma chakavu.

Kila siku vijana hupita na mikokoteni wakinunua vyuma kwa kilo. Watoto nao huokota bolti, vipande vya bomba na mabati ili wapate hela ya daftari au ya andazi. Ni kazi halali, na hatusemi iachwe. Tunasema kwamba anayeifanya, na mzazi wa mtoto anayeifanya, wajue ni chuma gani hakiguswi.

MIONZI NI NINI?

Kuna vitu duniani ambavyo chembe zake hazitulii. Hubadilika zenyewe kidogo kidogo, na kila zinapobadilika hutoa nguvu isiyoonekana kwa macho, isiyo na harufu wala sauti. Nguvu hiyo ndiyo mionzi. Kiasi kidogo kipo kila mahali, hutoka ardhini na angani, na miili yetu inaishi nacho. Ikizidi huua chembe hai za mwili. Kwa sababu hiyo madaktari huitumia kuua chembe za saratani, kama inavyofanyika Bugando, Mwanza, na katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ikipimwa na mtaalamu huponya. Ikishikwa na mtoto aliyeiokota jalalani huua.

Hapa tuondoe hofu moja ambayo sisi wauguzi huulizwa mara kwa mara. Mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu inapopiga picha. Umeme ukizimwa hakuna mionzi, kama vile taa ikizimwa hakuna mwanga. Aliyepigwa picha harudi nyumbani na mionzi mwilini. Kwa hiyo mama asiogope kumpeleka mtoto aliyevunjika mkono.

Taka tunazozungumzia leo ni za namna nyingine. Hizi hutoka katika vyombo vyenye kipande cha kitu chenye mionzi ndani yake. Kipande hicho hutoa mionzi usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo, chombo kizima au kibovu.

Tuchukue mfano wa mgodi mkubwa wa dhahabu. Mawe husagwa, huchanganywa na maji, na tope lake hupita katika mabomba. Fundi anataka kujua uzito wa tope bila kufungua bomba. Basi ubavuni mwa bomba hufungwa sanduku zito la chuma na risasi (ile metali, si ya bunduki), na ndani yake mna kipande kidogo cha sesiamu. Mionzi hupenya bomba, na kipimo kilicho upande wa pili husoma kiasi kilichopita. Wajenzi wa barabara nao wana chombo kidogo cha kupima kama udongo umeshindiliwa vizuri. Sanduku likiwa zima na limefungwa, halimdhuru mpita njia. Hatari huanza linapopotea, linapoibwa, au linapovunjwa kwa nyundo ili ile risasi iuzwe.

KWA NINI HAZITUPWI KAMA TAKA NYINGINE?

Maganda ya ndizi yakifukiwa huoza. Bandeji zenye damu tunazichoma katika tanuri la hospitali, na vijidudu hufa. Taka zenye mionzi ukizifukia haziozi, na ukizichoma hazifi, bali moshi na majivu huzisambaza. Hakuna dawa ya kuziua. Dawa yake ni muda peke yake.

Wataalamu hupima muda huo kwa kitu kinachoitwa nusu-uhai, yaani muda ambao nguvu ya mionzi hupungua ikabaki nusu. Iodini inayotibu ugonjwa wa tezi la shingo, nusu-uhai wake ni siku 8. Kobalti inayotumika katika mashine za saratani ni miaka 5 na kidogo. Sesiamu ya migodini ni miaka 30. Amerisiamu ni miaka 432. Plutoni, iliyomo katika mabaki ya mitambo ya umeme wa nyuklia, ni miaka 24,000.

Ukipita muda wa nusu-uhai mara kumi, hubaki takriban sehemu moja tu kati ya elfu. Kwa hiyo hospitali inayotumia iodini hufungia taka zake chumbani kwa miezi michache, kisha huweza kuzitupa. Sesiamu inataka miaka 300. Tuhesabu pamoja. Mwingereza Speke alifika ukingoni mwa ziwa letu, Mwanza, mwaka 1858. Tangu siku hiyo hadi leo haijatimia miaka 170. Sanduku moja la sesiamu linatakiwa kulindwa karibu mara mbili ya muda huo. Je, mlinzi atalipwa na nani? Ufunguo utakuwa kwa nani? Daftari litasomwa na nani?

GHARAMA ZA KULINDA

Hapo ndipo shida ya taka hizi inapoanza. Faida ya chombo hupatikana kwa miaka 10 au 20, bali gharama ya kukilinda hudumu mamia ya miaka. Anayefaidi na anayelipa si mtu mmoja.

Nchi tajiri nazo zinahangaika. Tangu mwaka 1954 mitambo ya umeme wa nyuklia duniani imetoa tani zipatazo 400,000 za fueli iliyokwisha kutumika. Finland ndiyo iliyotangulia wengine. Mwaka 2004 walianza kuchimba mahali paitwapo Onkalo, katika mwamba mgumu, kwenda chini zaidi ya mita 400, ili wazizike humo daima. Lakini tangu mwaka 1988 walikuwa na mfuko maalumu ambao wenye mitambo huchangia fedha za taka zao wakati ule ule wanapouza umeme, hawangoji mtambo ufe.

Marekani pia ilikusanya fedha. Mwaka 1987 ikachagua mlima mmoja katika jimbo la Nevada, Yucca Mountain, na mabilioni ya dola yalitumika kuupima na kuutoboa. Wenye jimbo walikataa, na serikali ikasimamisha kazi hiyo miaka ya 2010 na 2011. Taka bado zimekaa kwenye mitambo ilikotoka, na serikali inawalipa fidia wenye mitambo kwa kuwa haikuzichukua kama ilivyoahidi. Tunajifunza mambo mawili: fedha ziwekwe kabla, na wananchi watakaokaa na taka wasikilizwe kabla.

Nchi yetu haina taka nyingi namna hiyo. Zetu ni vyanzo vya mionzi vilivyochoka, kutoka hospitali, viwanda na migodi. Sheria ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na Sheria namba 7 ya mwaka 2003 ikaleta mahali pake Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tume hiyo ndiyo hutoa vibali vya kuingiza, kutumia na kusafirisha vyanzo vya mionzi, na ina ghala maalumu huko Arusha la kuhifadhi vilivyochoka. Vile vikali mno huhitaji msaada zaidi. Mwaka 2009 kilitumika hapa nchini, baada ya Sudan, chumba cha kuhamishika kilichotengenezwa na wataalamu wa Afrika Kusini kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu. Kuta zake nene hujazwa mchanga pale pale, na fundi hushika chanzo kwa mikono ya chuma akiwa nje. Fikirini gharama yake: mzigo unaosafiri kutoka nchi hadi nchi na wataalamu wa kigeni, kwa ajili ya vipande vinavyoenea kiganjani.

KILICHOTOKEA BRAZILI

Gharama ya kulinda ni kubwa, lakini ya kutolinda ni kubwa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazameni yaliyoupata mji wa Goiânia, nchini Brazili, mwaka 1987.

Hospitali moja ya binafsi ilihama jengo lake ikaacha mashine ya zamani ya kutibu saratani. Wenye jengo na wenye mashine walikuwa na kesi, na hakuna aliyeihamisha. Mwezi wa Septemba vijana wawili waokota vyuma waliingia humo, wakaing'oa sehemu yenye risasi na kuipeleka nyumbani kwa toroli. Walianza kutapika, wakadhani ni chakula kibaya. Baadaye waliiuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Usiku mwenye yadi aliona ndani yake mna unga unaong'aa rangi ya buluu. Akaufikiri kuwa kitu cha thamani, akauingiza nyumbani na kuwagawia ndugu na marafiki. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea sakafuni, kisha akala chakula kwa mikono ile ile.

Aliyewaokoa wengi ni mke wa mwenye yadi. Aliona kwamba watu wa nyumba yake wanaugua pamoja, akakishuku kile chuma, akakitia mfukoni na kukipeleka kwa basi hadi ofisi ya afya. Siku ya pili mtaalamu alipima, na hatari ikajulikana. Mama huyo alikufa. Yule mtoto naye alikufa, pamoja na vijana wawili waliofanya kazi yadini. Kijana mmoja wa wale wa kwanza alikatwa mkono. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachimbwa, na taka zote zilijaza mita za ujazo zipatazo 3,500. Unga wenyewe haukufika gramu 100.

KIDONGE KILICHOPOTEA BARABARANI

Wengine watasema hiyo ni habari ya zamani. Basi tutazame mwaka 2023, tena katika migodi. Huko Australia Magharibi, kampuni ya Rio Tinto ilipeleka kipimo cha mgodi wake wa chuma kwenda kutengenezwa mjini Perth. Njiani mtikisiko wa lori ulilegeza bolti, na kidonge cha sesiamu chenye urefu wa milimita 8 kikaanguka. Safari ilikuwa kilomita 1,400, yaani ndefu kuliko kutoka Geita hadi Dar es Salaam. Walikitafuta kwa magari yenye vipimo, na tarehe 1 Februari wakakikuta kandokando ya barabara. Wakati huo faini kubwa kabisa kwa kosa la namna hiyo ilikuwa dola 1,000 za huko. Gharama ya kukitafuta ilizidi sana faini hiyo. Pale sheria inapofanya uzembe kuwa rahisi kuliko uangalifu, walio karibu na barabara ndio hubeba hatari.

MIGODI YETU IKIFUNGWA

Migodi ya dhahabu ya ukanda wetu si ya milele. Tulawaka, wilayani Biharamulo, ilianza mwaka 2005, na mwenyeji wake wa kwanza akaondoka mwaka 2013. Buzwagi, Kahama, ilianza kuzalisha mwaka 2009, ikamaliza mwaka 2021. Bulyanhulu na Geita nazo zitafika mwisho siku moja. Hatusemi kwamba yeyote kati ya hao ameacha kitu kibaya. Tunasema kwamba mgodi unapofungwa, mitambo huuzwa, mafundi hutawanyika, na vyuma vingi hutoka kwa wakati mmoja. Huo ndio wakati wa kila sanduku la mionzi kuhesabiwa moja moja na kuonekana limekwenda wapi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka mgodi uweke dhamana ya fedha ya kurekebisha mazingira. Viongozi wetu wa vijiji na kata wanayo haki ya kuuliza: vipimo vya mionzi vilikuwa vingapi, vimekwenda wapi, na cheti kiko wapi?

Kwamba taka za mgodi zinataka macho kila siku, sisi wa Shinyanga tumeona. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Tope likafunika nyumba na mashamba. Hilo halikuwa tope la mionzi, nalo lilikuwa na mwenyewe, mgodi ukiwa kazini. Ukuta usio na mwenyewe utakuwaje baada ya miaka 100?

Zebaki nayo tuipime kwa mizani hiyo hiyo. Sesiamu hufa polepole, lakini hufa. Zebaki haina nusu-uhai. Iliyomwagika Rwamagasa na katika mialo mingine ya Geita wakati wa baba zetu ingali zebaki leo, na ikifika majini huingia katika samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Anayeichoma jikoni karibu na watoto anawaachia deni lisilopungua hata baada ya miaka 300.

TUFANYE NINI?

1. Tujue alama. Alama ya mionzi ni mapanga matatu meusi yakizunguka kidoa cha katikati, juu ya rangi ya manjano. Watoto wengi wakiiona hudhani ni feni. Kwa sababu hiyo mwaka 2007 iliongezwa alama nyingine, baada ya kujaribiwa kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo. Hiyo ni ya pembe tatu, nyekundu, yenye mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Wazazi wazichoreeni watoto alama zote mbili.

2. Tushuku chuma kidogo chenye uzito usio wa kawaida, kilichofungwa kwa bolti nyingi au chenye risasi ndani. Alama huweza kufutika, uzito haufutiki. Kisivunjwe, kisikatwe kwa gesi, kisitiwe motoni.

3. Tukikiona, tusikiguse wala tusikihamishe. Tuwaondoe watu mpaka umbali wa mita 30 hivi, mmoja alinde kwa mbali, na tumwarifu mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi. Wao wataarifu Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza.

4. Aliyekwisha kukigusa avue nguo na kuzifunga katika mfuko wa plastiki, anawe mwili kwa sabuni na maji bila kusugua hata kuchubuka, asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa, kisha afike hospitali.

5. Tuseme ukweli hospitalini. Kutapika na kuhara kuna sababu nyingi, na mara nyingi si mionzi. Lakini kuna dalili za kututahadharisha: watu kadhaa wa nyumba au yadi moja wanatapika pamoja, ngozi ya mkono au paja inakuwa nyekundu, kisha inatoka kidonda kama cha moto bila mtu kuungua, nywele zinanyonyoka baada ya wiki mbili au tatu, fizi zinatoka damu. Mganga akiuliza, "Kuna chuma kigeni mlichokishika?" msifiche kwa kuogopa polisi. Jibu hilo huokoa nyumba nzima.

6. Wanunuzi wa vyuma wawe na desturi ya kuuliza chuma kimetoka wapi. Kisicho na mwenyewe wa kutajwa kisipande mizani.

7. Wanaonunua vyombo vya mionzi, hospitali zetu zikiwemo, waandike katika mkataba tangu siku ya kwanza kwamba muuzaji atakichukua kitakapochoka, au waweke akiba ya kukipeleka Arusha. Chombo cha msaada nacho kiulizwe swali hilo. Zawadi isiyo na fedha za mazishi yake ni mzigo.

Jambo la mwisho ni la utu. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje ya mwili wake haambukizi. Aliye na vumbi la mionzi mwilini husafishwa akawa salama kwa wengine. Goiânia watu walirusha mawe kuzuia yule mtoto wa miaka 6 asizikwe makaburini kwao. Ujinga huo uliwaumiza wazazi mara ya pili. Sisi tusifike huko.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika habari hii maneno yao ni kweli kabisa: dhahabu imeliwa na babu, sanduku linafunguliwa na mjukuu. Katika jumuiya zenu mwezi huu, ombeni mwalimu au kijana mmoja achore zile alama mbili katika karatasi, akaibandike penye mizani ya vyuma chakavu iliyo karibu. Ni kazi ya nusu saa.